Shekhar Mehta: mwana wa Uganda aliyelishinda vumbi la Safari

UKIWAULIZA vijana wa Kampala leo ni Mganda gani aliyewahi kutamba katika mashindano ya magari duniani, wengi watakutajia madereva wa siku hizi wanaowaona kwenye televisheni. Wachache sana watamtaja Shekhar Mehta. Nimewauliza wanafunzi wangu wa kidato cha tatu mara kadhaa, na kila mara darasa hubaki kimya. Hata walimu wenzangu ofisini, wanaojua mpira wa Uingereza kuanzia kipa hadi kocha, walidhani nawaulizia mwenye duka la vitambaa.

Ndiyo maana leo naomba nafasi katika ukurasa huu nimweleze mtu huyu. Naandika hasa kwa ajili yenu mliowahi kuishi ugenini mkarudi, na ninyi mnaoamka alfajiri kuelekea Busia, Malaba, Mutukula au Katuna mkiwa na mizigo. Kundi la kwanza mtaelewa maisha yake kwa sababu naye alifukuzwa nyumbani. Kundi la pili mtamwelewa kwa sababu riziki yake, kama yenu, ilitegemea gari, tena gari linalopita kwenye vumbi na tope.

Mehta alizaliwa Uganda tarehe 20 Juni 1945, miezi michache kabla ya Vita Kuu ya Pili kumalizika. Ukoo wake haukuwa wa watu wa kawaida. Ni ukoo ule ule wa Nanji Kalidas Mehta, mfanyabiashara kutoka Gujarat aliyeanzisha kiwanda cha sukari cha Lugazi mwaka 1924. Msafiri yeyote wa barabara ya Jinja amepita katikati ya mashamba yale ya miwa. Na mfanyabiashara yeyote wa mpakani amewahi kubeba, au kumwona mwenzake akibeba, gunia la sukari ya Lugazi.

Kijana wa ukoo kama huo angeweza kukaa ofisini akihesabu magunia. Yeye alipenda usukani. Katika miaka ya 1960 alianza kushindana, na haikuchukua muda jina lake likajulikana Uganda na Kenya.

Mashindano yaliyokuwa yakitikisa eneo letu wakati ule ni Safari. Yalianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, na yalipitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Yalifanyika wakati wa Pasaka, msimu wa mvua, na dereva hakujua kama kesho atakutana na vumbi au tope. Njia ilikuwa ndefu, maelfu ya kilomita kwa siku chache, katika barabara za kawaida ambazo ng'ombe na mabasi yaliendelea kupita. Mwaka 1971 Mehta alimaliza wa pili akiendesha Datsun 240Z. Mbele yake alikuwa Edgar Herrmann tu, mwenye gari la aina hiyo hiyo. Kijana wa miaka 25 alikuwa amefika mlangoni.

Siku 90

Kisha ikaja Agosti 1972. Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda, na akawapa siku 90. Maelfu kwa maelfu waliondoka. Waliacha nyumba, maduka, viwanda na magari yao. Kiwanda cha Lugazi nacho kikachukuliwa. Mehta na familia yake wakahamia Kenya.

Sitaki hapa kufungua tena mjadala wa nani alimnyonya nani kabla ya mwaka ule. Mjadala huo upo, na una haki yake, kwa sababu wazee wetu wengi walikuwa vibarua katika maduka na mashamba yale. Ninachosema ni kwamba mtu huyu alizaliwa hapa, akajifunza kuendesha gari hapa, na siku moja akaambiwa si kwao. Sisi ambao wazazi wetu walivuka mpaka miaka michache baadaye, wakikimbia bunduki za miaka ya 1980, hatuwezi kujifanya hatuijui hali hiyo. Mimi nilivushwa nikiwa mgongoni mwa mama. Nilisoma Nakuru, nikajifunzia Kiswahili huko, na nilirudi Kampala nikiwa kijana ambaye Luganda lake liliwachekesha majirani. Jina la Mehta nililisikia kwanza Nakuru. Wakenya walimtaja kama wao. Ni mzee mmoja, fundi wa magari na mkimbizi mwenzetu, aliyetueleza watoto kwamba yule bwana ametoka kwetu.

Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Amin mwenyewe alipenda mashindano ya magari. Mwaka 1975, wakati wa mkutano wa viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanyika Kampala, aliingia mashindanoni akiendesha Citroën SM, akiwa na mkewe mpya, Sarah. Kwa hiyo rais aliyependa magari ndiye aliyemfukuza dereva bora aliyewahi kuzaliwa nchini mwake.

Pasaka ya 1973

Miezi michache baada ya kuhama, Mehta aliingia tena katika Safari. Mwaka huo, 1973, mashindano ya dunia ya rali yalianzishwa rasmi na Safari ikawa mojawapo ya duru zake. Kwa hiyo mshindi hakuwa tena bingwa wa Afrika Mashariki peke yake, jina lake lilikwenda dunia nzima.

Akiwa na msaidizi wake Lofty Drews ndani ya Datsun 240Z, Mehta alifika mwisho akiwa na pointi sawasawa na Harry Källström wa Sweden, naye wa Datsun. Ilibidi waangalie nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kukatwa pointi ya kwanza. Jibu lilikuwa Mehta. Mtu aliyepoteza nchi katika mwaka mmoja alishinda mwaka uliofuata, kwa sababu alianza vizuri na hakuharibu mapema.

Gari lile lilikuwa jekundu na boneti yake nyeusi isiyong'aa. Weusi ule haukuwa wa urembo. Boneti inayong'aa humrudishia dereva jua machoni, na katika nchi zetu jua la saa nane mchana si la kuchezea. Mbele kulikuwa na taa za ziada na vyuma vya kuzuia wanyama. Kampuni ya Nissan huko Japani imelihifadhi gari lililoshinda mwaka 1971, na mabati yake bado yanaonyesha makovu ya safari ile.

Magari mengi ya wakati ule yalipakwa rangi bila tabaka la juu lisilo na rangi. Ukilisugua gari jekundu kwa polishi, kitambaa kilirudi chekundu, maana ulikuwa unaondoa rangi yenyewe. Magari yetu ya leo, haya tunayoagiza yakiwa yametumika Japani na kupitia Mombasa, mengi yana tabaka hilo la juu ambalo mafundi wa Ndeeba huliita kliya. Tabaka hili ni jembamba kuliko unywele wa binadamu. Likichakaa, boneti na paa huanza kubabuka na kuwa na madoa meupe kama ukurutu. Hapo hakuna polishi itakayosaidia. Utapaka upya, na kupaka upya ni fedha.

Ushindi wa nne mfululizo

Miaka ya katikati haikuwa rahisi. Safari ilishindwa na wengine, akiwemo Joginder Singh, Kalasinga wa Kenya ambaye watu wa Nakuru walimwita Simba. Mehta alisubiri. Mwaka 1979 alirudi na Datsun 160J, safari hii akiwa na msaidizi Mike Doughty, akashinda. Akashinda tena mwaka 1980, 1981 na 1982. Mwaka huo wa mwisho alimtangulia Walter Röhrl wa Ujerumani, mmoja wa madereva wakubwa kabisa duniani.

Ushindi mara tano ni jambo ambalo lilichukua miaka mingi kufikiwa na mwingine, Carl Tundo wa Kenya. Ushindi mara nne mfululizo haujafikiwa na yeyote hadi leo. Rauno Aaltonen wa Finland, dereva mashuhuri sana, alimaliza wa pili mara kadhaa na hakuwahi kushinda Safari hata mara moja.

Datsun zile hazikuwa gari lenye nguvu kuliko yote. Ziliendeshwa na magurudumu ya nyuma tu. Lakini Safari haikumtaka aliye na kasi kuliko wote. Ilimtaka anayefika. Mtu hawezi kushinda mara nne mfululizo katika barabara kama zile kwa bahati. Lazima awe analijua gari lake, anaona jiwe kabla halijafika, anajua ni wakati gani wa kulionea huruma bati na tairi. Hapo ndipo maisha ya bwana huyu yanapotugusa sisi tusioshindana na mtu.

Vumbi letu ni lile lile

Ndugu msomaji, barabara zimewekwa lami, lakini vumbi la moramu halijahama. Ukitoka Mutukula au Elegu, gari linafika Kampala likiwa limebadilika rangi. Mimi nina Toyota ndogo ya rangi ya samawati, niliyoipata baada ya kuweka akiba ya mshahara wa ualimu kwa miaka, na kila Jumamosi naiosha mwenyewe uani. Majirani huniuliza kwa nini nisiwape vijana wa barabarani. Sina ugomvi na vijana wale, wanatafuta riziki. Ila kitambaa kimoja kinachofuta magari ishirini kwa siku huwa kimejaa mchanga wa magari kumi na tisa.

Kwa faida ya wenzangu, nieleze ninavyofanya.

Kwanza, sifuti vumbi kikavu. Vumbi la moramu ni chembe za mawe. Ukilifuta kwa kitambaa kikavu unalipiga gari msasa, na ile mikwaruzo ya duara unayoiona jua likipiga boneti nyeusi ndiyo kazi ya kitambaa hicho. Anza na maji mengi, uyamwage kutoka paani kwenda chini, mpaka vumbi liondoke lenyewe.

Pili, natumia ndoo mbili. Moja ina maji ya sabuni, ya pili maji matupu. Sponji ikishapita kwenye gari inasuuzwa kwanza kwenye maji matupu ndipo irudi kwenye sabuni. Utashangaa mchanga utakaoukuta chini ya ndoo ile ya pili. Sabuni iwe ya magari. Sabuni ya unga ya kufulia nguo inakata mafuta vizuri, na kwa hiyo inaondoa nta yote uliyoipaka.

Tatu, magurudumu yana brashi yake, na hairuhusiwi kugusa bodi. Ule unga mweusi kwenye rimu unatoka kwenye pedi za breki, una chembe za chuma, na ukiachwa wiki nyingi hung'ang'ania usitoke. Osha rimu zikiwa zimepoa. Kama rimu ni za aluminiamu, kataa dawa kali za tindikali zinazouzwa kwa vichupa visivyo na jina, kwa sababu zinaacha madoa ya kudumu. Usisahau ndani ya madigadi. Tope likikauka mle linashika unyevu siku nyingi, na kutu huanzia hapo bila wewe kuiona. Tena tope zito likishika upande mmoja wa rimu, usukani hutetemeka barabarani, na watu huanza kulipia matengenezo ambayo hayakuhitajika.

Nne, naosha asubuhi au jioni. Ukiosha saa saba juani, maji yanakauka kabla hujayafuta na kuacha alama za chumvi. Kausha kwa kitambaa laini chenye nyuzi ndefu, kikiwa safi. Kikianguka chini, kiweke pembeni ukachukue kingine.

Tano, nta. Baada ya gari kukauka, napaka nta nyembamba kipande kwa kipande kivulini, naiacha ishike, naifuta. Nta nzuri nyingi zina mafuta magumu ya mti wa carnauba unaoota Brazil. Katika jua letu haikai sana. Maji ya mvua yakiacha kujikusanya kama shanga juu ya boneti, ujue imekwisha, upake tena. Kompaundi ni kitu kingine kabisa. Ile inasugua na kupunguza lile tabaka jembamba, kwa hiyo isiwe kazi ya kila mwezi. Ni dawa ya mkwaruzo, na mgonjwa hapewi dawa kila siku.

Halafu kuna adui wa Kampala asiyepatikana katika vitabu vya Japani, naye ni kaloli. Ndege huyu mkubwa anayekaa juu ya miti yetu mjini akiangusha kinyesi juu ya gari, usisubiri Jumamosi. Kinyesi kile kina asidi, na jua likikichoma kinatafuna rangi. Lowesha kitambaa, kifunike juu yake dakika chache mpaka kilainike, ndipo ukiondoe bila kusugua. Na jiwe likichubua rangi mpaka bati lionekane, ziba mahali pale kwa rangi ya msingi na rangi ya gari wiki hiyo hiyo, kabla mvua haijaingia.

Maji machafu yasiende mtoni wala kwenye kinamasi. Majirani wa chini wanayatumia.

Wafanyabiashara wataniambia hawana muda. Naelewa. Lakini gari la mfanyabiashara ndilo ghala lake na ndilo akiba yake. Siku mtoto anapotakiwa kulipiwa karo na biashara imelala, gari ndilo linalouzwa. Mnunuzi akifika hutazama kwanza rangi, kisha huinama kutazama kutu chini ya milango, na kwa hayo mawili anapunguza mamilioni kabla hata hujawasha injini.

Mwisho wa safari yake

Mehta aliendelea kushindana nje ya Afrika Mashariki, na mara nyingine msaidizi wake alikuwa mkewe, Yvonne, ambaye naye alikuwa dereva wa rali. Mwaka 1981 alimaliza wa tano katika ubingwa wa dunia wa madereva. Mwaka 1987, katika rali ya Mafarao huko Misri, alipata ajali mbaya iliyomwumiza sana. Hapo ndipo maisha yake ya usukani yalipokoma.

Hakukaa kulia. Aligeukia uongozi, akaongoza kamati ya rali ya FIA, shirikisho la magari la dunia. Dereva aliyeanzia katika vumbi letu akawa miongoni mwa waliotunga kanuni za mchezo huo duniani. Alifariki London tarehe 12 Aprili 2006, akiwa na umri wa miaka 60.

Safari iliondolewa katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, ikarudi mwaka 2021 Naivasha. Wakati huo Mehta hakuwepo tena. 

Katika vitabu vya kumbukumbu za mchezo huu, mbele ya jina la Shekhar Mehta kuna bendera ya Kenya. Ni haki ya Kenya, kwa sababu ndiyo iliyompokea. Siombi bendera ile ing'olewe. Ninachoomba ni kwamba sisi tunaofundisha historia katika shule za Kampala tumtaje, kama tunavyowataja wengine waliofukuzwa na vita, amri au njaa. Wengi wetu tulirudi tukakuta nyumba ina mtu mwingine na shamba lina mipaka mipya. Tulikosa hati. Tulichokuwa nacho ni kumbukumbu za watu waliosema kwamba huyu ni mtoto wa fulani, alizaliwa pale. Tuliwashukuru waliotusemea hivyo. Na Mehta naye anastahili kusemewa.

Kiwanda cha Lugazi kilirudishwa kwa wenyewe baada ya Amin kuondoka, na kinasaga miwa hadi leo. Mwenye safari ya Jinja wiki hii akipita pale na watoto ndani ya gari, awaonyeshe mashamba yale na kuwaambia kwamba katika ukoo huo alitoka bingwa wa Safari mara tano. Na akifika nyumbani, alimwagie gari maji kabla hajalifuta.